Mlango wa Nani, Paka wa Nani

JIRANI MFUGA KUKU: Sina ugomvi na paka. Ugomvi wangu ni mlango unaoachwa wazi. Mbuzi wa mtu akiingia kondeni kwa mwenzake, sheha anaitwa na fidia inatolewa. Paka akishuka kutoka ghorofa ya tatu akanilia vifaranga, naambiwa ndiyo tabia ya paka. Haya, nimekubali ndiyo tabia yake. Hasara ya tabia hiyo anailipa nani?

MWENYE PAKA: Jirani, pole nimeshakupa, na leo nakupa tena. Lakini paka wangu anashiba. Samaki asubuhi, samaki jioni. Watazame mashume wa jaani wanaoshinda na njaa, usimtazame huyu anayelala kochini kwangu.

DAKTARI WA MIFUGO: Shibe haimtoi paka hatiani, dada. Kitu kidogo kikimpitia mbio huku kinalia, mwili wake wenyewe unamrusha hata kama tumbo limejaa. Asili yake ni paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayeishi kwa panya mmoja mmoja na ndege mmoja mmoja, mara nyingi kwa siku, na windo jingi humponyoka. Angengoja njaa imshike ndipo aanze kunyemelea, asingeishi. Kwa hiyo usimwambie jirani kuwa paka wako ameshiba. Inawezekana ameshiba kweli na vifaranga kawala yeye.

JIRANI MFUGA KUKU: Umesikia? Basi avishwe kengele shingoni, kuku wangu wamsikie akija.

DAKTARI WA MIFUGO: Kengele ilijaribiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitoa mwaka 2021 matokeo ya kufuatilia paka wa majumbani na windo walilokuja nalo nyumbani. Kengele haikuonesha tofauti. Walioanza kupewa chakula chenye nyama nyingi kisicho na nafaka, windo lao lilipungua kwa asilimia 36. Waliochezeshwa na wenyewe dakika tano hadi kumi kwa siku, asilimia 25.

JIRANI MFUGA KUKU: Nayo asilimia iliyobaki nitaila mimi? Mwenye kuku hahesabu hivyo. Mimi nasema afungiwe ndani, yaishe.

MZEE WA MTAA: Afungiwe! Nyinyi hamjapata kusikia habari ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, na yeye akaingia motoni kwa ajili yake? Imo katika Bukhari na Muslim, haikutungwa kutishia watoto. Sisi tumekua na paka barazani, tumewakuta sokoni Darajani kwenye meza za samaki, wanapita msikitini baina ya safu na hapana anayewafukuza. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alimwinamishia paka chombo chake cha udhu akanywa, akaeleza kuwa huyu si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka. Sasa anayetuzunguka, wewe utamfungiaje?

MWENYE PAKA: Mzee wangu, hadithi ile tuisome hadi mwisho. Yule mwanamke hakumpa paka chakula wala maji, na wala hakumwachia akajitafutia vidudu vya ardhini. Alimziba huku na akamziba huku. Mimi nikimfungia nikamlisha, nikampa maji, nikamtazama akiumwa, nimemdhulumu nini?

MZEE WA MTAA: Wafungwa nao wanalishwa, mwanangu.

MWENYE PAKA: Na watoto wadogo wanafungiwa mlango wasitoke barabarani, na hapana anayewaita wafungwa. Huku chini kuna bodaboda, kuna mbwa, kuna watu wanaomrushia mawe. Wewe unamhurumia kwa kukosa mtaa. Mimi nimeshuka mara ngapi kumwokota paka wa watu aliyegongwa?

MZEE WA MTAA: Mtoto atakua atatoka. Huyu atakufa humo humo. Tena mwenyewe ulitusimulia: ulipomfungia alichana kochi lote, akalia usiku kucha roshani, akakojoa juu ya mkeka wa kusalia. Mnyama hana ulimi wa kukuambia. Hiyo ndiyo kauli yake: nyumba hii si mahali pangu. Nyinyi mnaiita tabia mbaya.

DAKTARI WA MIFUGO: Mzee, nusu ya maneno yako nayachukua kama yalivyo. Ile ni kauli kweli. Ila haisemi nyumba si mahali pake. Inasema nyumba haina vile vitu ambavyo mtaani alikuwa akivipata bila kumwomba mtu. Nivitaje kimoja kimoja, kwa maana hapa ndipo watu wanapopigana na paka bure.

Kucha kwanza. Paka akichana kochi anafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: anavua ganda la nje la ukucha lililochakaa, ananyoosha mgongo na mabega, na anaacha harufu ya nyayo zake. Kumwachisha huwezi. Unaweza kumpa pengine. Tafuta gogo au ubao, uuzungushie kamba ya usumba, urefu wake umtoshe kujinyoosha wote, na ukazwe usiyumbe, kwani ukiyumba mara moja harudi. Usiufiche nyuma ya kabati. Uweke ubavuni mwa kochi lile lile, maana anaacha alama yake pale wenyeji wanapokaa. Akishauzoea ndipo unausogeza kidogo kidogo.

Kelele za usiku. Paka huchangamka alfajiri na magharibi, saa za panya na ndege kutoka. Aliyelala mchana kutwa kwa kukosa la kufanya, usiku atakutafuta wewe. Mchezeshe baada ya isha: funga unyoya wa kuku kwenye ugwe, uuburure, uufiche, uukimbize, na mwisho umwache aukamate. Hapo hapo mpe chakula chake kikubwa cha siku. Paka aliyewinda akala hujiramba, kisha hulala. Na akikuamsha saa tisa ukainuka kumpa samaki ili anyamaze, umemfundisha kuwa saa tisa ndiyo saa ya samaki.

MWENYE PAKA: Na mkojo? Maana kwa mume wangu hilo ndilo lililobaki. Kochi amelisamehe.

DAKTARI WA MIFUGO: Kwanza uliza kakojoaje. Dume anayesimama wima, mkia juu unatetema, akarusha ukutani, huyo anaweka mpaka. Mara nyingi kaona au kanusa dume mwenziwe dirishani. Anayechutama kitandani au mkekani, huyo analikimbia beseni lake. Pengine ni chafu, pengine umeliweka karibu na sahani yake, pengine liko ukumbini watoto wanapopita mbio. Mchanga uwe laini, kinyesi kitolewe kila siku, na mabesini yazidi idadi ya paka kwa moja. Halafu kuna la tatu, na hili naomba mnisikilize wote. Dume anayechutama mara kwa mara, analia, na tone halitoki, hana ukaidi wowote. Njia ya mkojo imeziba. Siku moja au mbili zinatosha kumuua. Huyo haletwi kwangu kesho, analetwa leo. Na asipewe panado ya watu kwa kudhani ana maumivu, kidonge kimoja kinatosha kuua paka.

JIRANI MFUGA KUKU: Zamani akikosea alipakwa pua kwenye mkojo wake akapigwa kofi, akashika adabu.

DAKTARI WA MIFUGO: Alichoshika ni kukuogopa. Paka haunganishi kofi la sasa na mkojo wa tangu asubuhi. Anajua kwamba ukija, anaumia, na paka mwenye hofu hukojoa ovyo zaidi.

MZEE WA MTAA: Mnaona basi? Gogo la usumba, ugwe wa manyoya, mabesini mawili, mchezo wa baada ya isha. Yote hayo mtaani yapo. Mti upo, mchanga upo, panya yupo. Mnamtoa penye vyote, halafu mnahangaika kumtengenezea vyote upya ghorofani. Kwa nini?

JIRANI MFUGA KUKU: Kwa sababu mtaani pia kuna vifaranga wangu, Mzee! Kila mara unawaruka.

MWENYE PAKA: Na kwa sababu mimi nimekubali kuhangaika. Dakika kumi za ugwe hazinishindi. Tena Mzee, hata kwenye roshani nimekaza wavu, maana paka naye huanguka.

DAKTARI WA MIFUGO: Huanguka sana. Mwaka 1987 madaktari wa wanyama wa New York waliandika habari za paka 132 walioletwa kwao baada ya kuanguka kutoka maghorofani. Karibu tisa katika kila kumi walipona, lakini wengi wakiwa na vifua vilivyoumia, taya na miguu iliyovunjika. Anaweza kujigeuza hewani. Saruji haimjui.

JIRANI MFUGA KUKU: Tuseme basi dada amemfungia, ameweka wavu, amenunua usumba. Bado mtaa umejaa paka. Kila nikiamka kuna vipaka chini ya ngazi. Mimi nina mke mjamzito, nimeambiwa paka anaharibu mimba.

DAKTARI WA MIFUGO: Kuna kijidudu kinachoitwa toksoplazma, na ni kweli kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kinatoka kwenye kinyesi cha paka, lakini hakiambukizi siku hiyo hiyo. Huchukua siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hiyo kinyesi kikitolewa kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito, hatari inapungua sana. Na watu wengi hukipata kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Mwambie mkeo asishike mchanga wa paka, aoshe mchicha vizuri, na nyama aiivishe. Paka asifukuzwe kwa ajili hiyo. La kuogopa zaidi ni kichaa cha mbwa, maana paka naye hukipata na hukiambukiza. Paka achanjwe. Mtu akiumwa au kuparurwa na paka asiyemjua, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyo.

JIRANI MFUGA KUKU: Wale wa chini ya ngazi atawachanja nani?

DAKTARI WA MIFUGO: Umefika penyewe. Kwanza wasizidi. Jike hupata joto akiwa na miezi minne au mitano, hubeba mimba wiki tisa tu, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Katika nchi za baridi majike hupumzika wakati wa siku fupi, kwa sababu mwanga mrefu wa mchana ndio unaowaamsha. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, hivyo paka wetu hawana msimu wa kupumzika. Dume asiyehasiwa ndiye anayerusha mkojo kutani, ndiye anayepigana usiku juu ya mabati, ndiye anayetembea mbali hadi agongwe. Akihasiwa mapema, mengi ya hayo hayaanzi. Jike afungwe kizazi. Hiyo ndiyo dawa ya nusu ya tabia tulizozitaja tangu mwanzo.

MZEE WA MTAA: Hapo nakataa. Nilikuwa nakusikiliza vizuri, mwanangu daktari, lakini hapo nakataa. Imam Nawawi, ambaye madhehebu yetu visiwani humu yanamtegemea, amesema mnyama asiyeliwa nyama hahasiwi, mdogo wala mkubwa. Mungu amemuumba na uzazi wake. Nyinyi mnataka paka asiyetoka, asiyewinda, asiyezaa, asiyelia. Semeni tu mnataka mto wa kochi wenye manyoya.

MWENYE PAKA: Mzee, Imam Nawawi tunamheshimu sote. Lakini wamo wanazuoni waliojuzisha ikiwa ipo faida na madhara hayapo. Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia aliulizwa habari ya paka waliozidi, akajibu kwamba ikiwa upasuaji hauwadhuru hapana ubaya, kwani hilo ni bora kuliko kuwaua baada ya kuwa wameshaumbwa.

MZEE WA MTAA: Nani amesema wauawe?

MWENYE PAKA: Wanauawa, Mzee. Wanatiwa kwenye magunia, wanatupwa jaani wakiwa macho hayajafumbuka. Wewe unalijua hilo. Kila mtu katika mtaa huu analijua.

(Hapa walisemeshana kwa pamoja, na mimi mwandishi sikuandika yote. Nakiri kuwa kwangu mimi sentensi hiyo ya magunia ndiyo iliyostahili kusemwa mapema zaidi. Mjadala wa kisu cha kuhasi ukiendeshwa bila kutaja gunia haujawa mjadala wa haki, kama ambavyo mjadala wa huruma kwa paka haujawa wa haki bila kutaja vifaranga.)

MZEE WA MTAA: Dhambi ya anayetia gunia ni yake. Siwezi kuifuta kwa kumpasua mnyama asiye na kosa. Na msisahau kwa nini babu zetu waliwakubali. Panya! Waondoeni paka barabarani, kisha mje mniambie hali ya jikoni zenu.

DAKTARI WA MIFUGO: Hata hilo limepimwa. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa New York: kamera ziliwekwa kwenye kituo cha takataka chenye panya wakubwa na paka wa mtaani. Kwa siku 79 paka waliua panya wawili. Panya buku ni mkubwa na ana meno. Paka huona bora kipanya, mjusi au ndege. Kinachowaleta buku ni taka zetu, na bila kuondoa taka hawataondoka.

MZEE WA MTAA: Na panya walipowaona paka, walifanya nini?

DAKTARI WA MIFUGO: Walijificha zaidi. Hawakutoka ovyo.

MZEE WA MTAA: Basi kazi imefanyika! Mimi sihitaji paka anilundikie mizoga. Nahitaji panya asitembee juu ya unga wangu. Kamera yenu imehesabu waliokufa, haikuhesabu walioogopa kutoka.

DAKTARI WA MIFUGO: Nakubali, Mzee. Hilo lina uzito. Lakini vile vile visiwa vyetu vina kumbukumbu ya kiumbe aliyeletwa kwa kazi. Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasafishe uchafu wa mji. Leo ndio wanaokwapua mayai na vifaranga kuliko paka yeyote, na bado hawajamalizika. Kiumbe akiachiwa azae atakavyo kwa sababu ana kazi, siku moja kazi inasahaulika na wingi unabaki.

JIRANI MFUGA KUKU: Mimi nitawarahisishia. Panya wananisumbua na paka wananisumbua. Dukani ipo sumu ya panya. Nikiitega, sumu itajua yenyewe nani kala.

MWENYE PAKA: Jirani, hilo usiliseme tena. Umekuja hapa unadai fidia ya vifaranga, sasa unatangaza kuua.

DAKTARI WA MIFUGO: Tena sumu hiyo haina adabu. Panya akila hafi papo hapo. Hutembea amelewa siku kadhaa, ndipo paka anapomkamata kwa wepesi na kuvuja damu ndani. Kuku wako nao hudonoa punje za sumu. Na mwanao anayetambaa huokota kila kitu.

JIRANI MFUGA KUKU: Basi nionesheni njia nyingine! Kila nikisema naambiwa subira. Dada atamfungia wake, ahsante. Nimemwelewa. Lakini wale kumi wa chini ya ngazi hawana mwenyewe.

DAKTARI WA MIFUGO: Wanaye. Kila jioni, baada ya magharibi, nani anawamwagia vichwa vya samaki pale barazani?

MZEE WA MTAA: Mimi. Na sioni haya. Ni sadaka.

DAKTARI WA MIFUGO: Ni sadaka, Mzee, na sikuambii uiache. Lakini jike anayepata vichwa vya samaki kila jioni ana nguvu ya kuzaa mara kwa mara. Wewe unawalisha, jirani anawalipia, na gunia linawapunguza. Ukinipa idhini, na mtu wa kuwakamata mmoja mmoja wakiwa na njaa ya mchana, nitawahasi na kuwachanja, niwarudishe pale pale barazani pako. Watazunguka kama ulivyotaka. Watawatisha panya. Hawatafungiwa na mtu. Banda la kuku liwekwe wavu wa matundu madogo na lifungwe kabla ya magharibi. Kitakachokosekana ni vipaka vya chini ya ngazi tu.

MZEE WA MTAA: Unanitega kwa sadaka yangu mwenyewe.

MWENYE PAKA: Anakuuliza, Mzee. Mimi nimeulizwa nikajibu: wa kwangu anafungwa kizazi wiki hii, na mlango unabaki umefungwa. Vifaranga aliowala, jirani ataniambia bei yao. Wewe unalisha wengi kuliko mimi.

JIRANI MFUGA KUKU: Na mimi sumu naiacha dukani, kwa sharti moja. Mwenye kulisha ndiye mwenyewe. Vichwa vya samaki vikimwagwa barazani kwako, na paka aliyevila akanilia kuku, nitapiga hodi kwako, sitakwenda kwa sheha wala kwa daktari.

MZEE WA MTAA: Piga hodi. Kuku wako nitawalipa, sitaki haki ya mtu inigandie shingoni. Kisu sikubali.

DAKTARI WA MIFUGO: Basi wiki tisa zijazo, Mzee, utawalipia na watoto wao.